Ripoti Iliyokosa Pa Kwenda

Benchi la Athuman muuza kahawa lilikuwa na watu watatu wa kudumu, na kila mmoja alikuwa na mahali pake, utadhani wamepewa hati na manispaa. Kushoto alikaa Gunia, dalali wa mahindi kutoka Kibaigwa, aliyekuja Dodoma mjini kufuata kesi ya kiwanja akasahau kurudi. Kulia alikaa Abuu, tarishi mstaafu wa Bunge, waliyemwita Hansadi, kama zile kumbukumbu za Bunge, kwa kudai anakumbuka kila neno lililowahi kusemwa nchi hii. Katikati alikaa mzee Ludovick. Huyu walimwita Nukta, kwa sababu humalizi sentensi bila yeye kuisahihisha. Mwaka ule wa 2001 kibanda cha kinyozi nyuma ya benchi kiligeuzwa duka la intaneti, na tangu siku hiyo hapakuwa na hoja nyingine kijiweni.

— Hii kompyuta ni soko huria la vitabu, alisema Gunia. Zamani mahindi yako alinunua nani? Ushirika peke yake! Wakikwambia hayafai, unarudi nayo nyumbani. Leo lori linakufuata mlangoni. Na vitabu ndiyo hivyo hivyo. Unaandika, unachapa, unauza mwenyewe stendi. Mabwana wakubwa wa Dar wakacheze bao.

— Kuchapa tu? Umechelewa, alisema Hansadi. Kitabu kitapita kwenye waya wa simu. Mtu wa Uswidi atakuwa amekimaliza wakati wewe uko Chamwino hujaanza sura ya pili.

— Sasa atakimalizaje?

— Ndiyo maajabu yenyewe!

— Basi hata mimi nakwambia, itafika siku kompyuta iandike yenyewe, mwenyewe umelala unakoroma.

— Na nani atasoma? aliuliza Athuman, akimimina.

— Kompyuta nyingine.

Wakacheka mpaka Gunia akapaliwa. Nukta hakucheka.

— Mnasahau jambo moja, alisema. Kila mtu akijichapia lake, pumba atazitoa nani?

— Msomaji, mzee wangu. Si ana meno?

Nukta alimeza kahawa. Kwa miaka kumi na tisa, mbali na ualimu wake, alikuwa msomaji wa miswada wa shirika moja la vitabu la Dar. Bahasha ilikuja kwa posta, akasoma, akaandika ripoti ya ukurasa mmoja, akairudisha. Mwisho wa ripoti aliandika neno moja tu: uchapwe, au usichapwe. Mwandishi hakuruhusiwa kumjua, wala yeye hakuruhusiwa kumwandikia mwandishi. Aliishika sheria hiyo kama kiapo.

Kisha shirika likafungwa, wakati ule mashirika yalipokuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Bahasha ya mwisho ilikuwa mezani kwake, na ripoti imeshaandikwa. Akangoja barua ya kumwelekeza. Akangoja miaka kumi. Katikati ya kungoja huko mkewe Ritha alifariki, watoto wakahamia mikoani, nyumba ikawa kimya hadi alikuwa akikohoa makusudi apate kusikia sauti. Ndipo alipoanza kuutoa ule mswada sandukuni kila jioni na kuusoma, akawazoea watu wa mle ndani kuliko majirani.

Mlango wa duka la intaneti ukafunguka. Akatoka mwanamke wa makamo, macho mekundu kwa kukodolea kioo cha kompyuta.

— Shikamooni. Naomba kahawa, kichwa kinaniuma.

— Marahaba. Unaandika barua? aliuliza Athuman.

— Kitabu.

— Si niliwaambia! Gunia alipiga goti lake. Kitabu cha nini, dada?

— Cha ukame wa kwetu Kolo. Nilishakiandika zamani, kwa mkono, nakala moja tu. Nikaituma Dar, shirika likafa nayo. Sasa nakiandika upya kwa kukumbuka. Nimekwama pale mama anapochimba mchanga wa korongo siku tatu. Maji yakatoka, watoto wakayakimbilia. Kuna neno aliwaambia, na ndilo lililobeba kitabu kizima. Nimelisahau.

Nukta hakukusudia kusema. Mdomo ulijisemea.

— “Msinywe kwanza. Mnawisheni uso aliyechimba.”

Kikombe cha mwanamke kilibaki hewani.

— Hilohilo! Mzee, umelijuaje?

Hansadi na Gunia walimgeukia. Jina la mwandishi Nukta alikuwa akiliona kila jioni kwenye ukurasa wa mwisho: Editha, na sanduku la posta la misheni, Kondoa. Safari ya basi ya siku moja. Au stempu moja tu, na angempata.

— Ninao mswada wako, alisema. Uko kwangu. Haujapotea hata ukurasa mmoja. Mimi ndiye niliyepewa kuusoma.

Editha aliweka kikombe chini polepole.

— Ulikuwa mbaya?

— Niliandika uchapwe, na uchapwe haraka. Mwanangu, ninaujua kwa moyo.

— Mimi nilijua ni mbaya. Miaka yote hiyo sikuandika hata mstari, nikijua ni mbaya. Ilipokuja hii mashine isiyohitaji ruhusa ya mtu ndipo nilipothubutu. Mzee, kama ulikuwa mzuri, mbona hukuniambia?

Gunia alitazama barabara. Hansadi, mkumbuka yote, alitazama kikombe chake. Nukta alifungua mdomo aitaje ile sheria, akaona aibu: waliomwekea hawakuwepo tena, naye alikuwa ameilinda peke yake muda wote huu.

Athuman aliinamisha birika. Halikutoka tone.

— Imekwisha, alisema.

— Ngoja nikakuletee mswada wako, Nukta alimwambia Editha, akainuka kwa kushika goti.

Editha akakaa pale pale katikati, mahali pa mzee, akaanza tena kungoja. Nukta alishika njia ya nyumbani. Kila hatua alitaka kufurahi kwa ajili yake, na kila hatua aliona jioni itakavyokuwa, yeye na sanduku tupu.