Kemar Lindo, Beki Aliyetoka Jamaika Akafika Nyamigogo

Baba Paroko, wazee wetu, walimu, wanafunzi na ninyi nyote mlioacha mashamba yenu kuja kulia nasi, familia ya Mzee Bernardo imenituma mimi Fabiani, kaka yake mjane, Tecla, niwaeleze maisha ya shemeji yetu Kemar Anthony Lindo, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Kemari.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1992 katika mji wa May Pen, nchini Jamaika, akiwa mtoto pekee wa Mama Merlene, mshonaji wa sare za shule. Alisoma huko msingi na sekondari, akicheza beki wa kati, na Agosti 2011 akachukuliwa na chuo kimoja cha jimbo la Kansas, Marekani, kusomea ualimu wa hisabati, kwa ufadhili uliotegemea miguu yake, maana kila msimu ulipokwisha kocha ndiye aliyeamua nani aendelee kusomeshwa na nani arudi kwao.

Tecla alikuwa akisomea uuguzi katika chuo hicho hicho, na hofu yake ilianzia hapo. Aprili 2013 Kemar aliumia goti la kulia mazoezini, akapasuliwa, na Agosti, kabla hajapona sawasawa, akarudi uwanjani, akimeza vidonge vya kutuliza maumivu asubuhi na kabla ya kila mechi, kwa kificho, daktari wa timu asijue. Tecla alikaa jukwaani hautazami mpira, analitazama lile goti, na kila Kemar alipoanguka yeye alisimama.

Siku moja alimwambia, "Kemar, hivi vidonge vitakumaliza."

Akamjibu, "Nikikaa benchi wananirudisha nyumbani, na mama hana ada."

Alimaliza misimu yake, ule wa mwisho akiwa nahodha, akahitimu Mei 2015, ila timu za kulipwa alizokwenda kujaribiwa zililitazama goti, zikamshukuru kwa kuja.

Tarehe 17 Desemba 2016 alifunga ndoa na Tecla katika kanisa letu hapa Nyamigogo, baada ya Mzee Bernardo kukosa usingizi kwa wiki nyingi, akijiuliza atamwozaje binti yake kwa mtu ambaye ukoo wake haujulikani, tena mtu anayewaamkia shikamoo hata watoto wadogo. Mungu aliwajalia binti mmoja, Zawadi, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2018.

Tangu Januari 2017 marehemu alifundisha hisabati katika sekondari yetu na kuinoa timu ya wasichana. Mtakumbuka fainali ya Agosti 2022 dhidi ya Kaniha, alipomtoa beki wake Deodata aliyekuwa akichechemea huku akificha, wakati wachezaji wa akiba walikuwa wamekwisha, tukabaki pungufu, tukafungwa, na wengine wetu tukamzomea. Deodata alilia, naye akamwambia, "Kombe tutalitafuta mwakani. Goti jingine nitakununulia duka gani?"

Machi 2023 miguu yake ilianza kuvimba. Tecla, muuguzi wa zahanati, alijua kabla ya kipimo, akamwomba Mungu awe amekosea. Hospitalini Mwanza walisema figo zimechoka, na kwamba huenda vile vidonge vya miaka ile vilichangia, hivyo wakahamia huko ili asafishwe damu kwa mashine. Mama Merlene alipimwa kwao, akaonekana anafaa kumpa mwanawe figo, akakata tiketi ya tarehe 4 Julai 2024.

Tarehe 3 Julai kimbunga kikapiga Jamaika, uwanja wa ndege ukafungwa, simu za May Pen zikazima. Kuanzia hapo Kemar hakuulizia tena hali yake mwenyewe, aliuliza tu, "Mama amepatikana?" Tecla alipiga mpaka sikio likamuuma. Asubuhi ya Jumapili tarehe 7 Julai marehemu alifariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa Tecla, na jibu lilikuwa bado.

Tuliuleta mwili nyumbani bila kujua kama tuna haki ya kuuzika, wala kama mwenye mtoto yu hai. Tarehe 9 simu ikaita, ni Mama Merlene, paa la nyumba limeondoka lakini yeye mzima, akimuulizia mwanawe. Ikambidi Tecla amwambie. Mama akauliza, "Hapo mtakapomlaza, watu wanapita?"

Tecla akamjibu, "Wanapita, mama. Wanafunzi wanapita asubuhi na jioni."

"Basi mwacheni hapo. Hakuzoea kukaa peke yake."

Anatusikiliza sasa hivi, kwenye simu aliyoishika Tecla.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza waliompigania, majirani mliotupikia na kulala nasi nje kwenye baridi, walimu wenzake, na wasichana wa timu, mlioomba kulibeba jeneza wenyewe.

Kemar, shemeji yangu, lala kwa amani, nasi tutakuwa tunapita.