Firigisi kwa Saba

Kabla pikapu ya Mpitimbi haijamaliza kilima, mzee mwenye koti la mitumba alikwisha kuanza kumlalamikia dada aliyeketi kando yake. Dada alikuwa na rula ndefu ya ubaoni, kaifunga kwa khanga. Mzee alimshikia ncha ya pili isianguke. Mimi niliona namba zikichungulia. Mzee alikuwa na machungu yake.

"Jumapili tumechinja jogoo. Binti yangu Lidwina akaikata firigisi vipande saba! Ati tuko saba, hesabu ndiyo inavyotaka. Tangu lini firigisi ya baba ikagawanywa?"

"Vilikuwa sawasawa?"

"Sawa kabisa! Changu kilipotelea kwenye jino."

"Basi mwache asome, baba. Siku hizi kila mnunuzi wa mahindi anakuja na mizani yake. Bila hesabu, nani atawaweza?"

"Mizani iko mbali, firigisi ilikuwa sahanini. Leo namtoa shule. Na huyo mwalimu wao wa hesabu nitamwambia hakulelewa na baba."

"Labda baba yake hali firigisi."

Dada akagonga paa la gari, tukasimama shuleni. Walishuka wote wawili. Mzee, mtu wa heshima zake, akaitia rula begani.

"Nikubebee, mwanangu. Halafu unionyeshe huyo mwalimu."