Dokta Sekela Mwalwisi, Aliyepima Jasho la Wazee

Marehemu dada yetu Sekela alizaliwa tarehe 12 Machi 1967 huko Tukuyu, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Brightson na Mama Clara. Mimi Allen ni kitinda mimba wao. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu na kichwa changu bado hakijakaa sawa, mtanisamehe.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tukuyu, sekondari Mbeya, kisha udaktari Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1994. Joto la huku lilimtesa sana. Mtu aliyekulia kwenye ukungu na moto wa kuota, kwa nini aende kuchagua kazi ya joto? Nilimuuliza mara nyingi, akaishia kunicheka.

Mwaka 1996 alifunga ndoa na Mwalimu Apolinari wa Mwananyamala, wakajaliwa Auleria na Stephano.

Tangu mwaka 2015 alikuwa Mbagala, akitafiti jinsi miili ya wazee inavyohimili joto kali. Aliwakalisha kwenye chumba chenye joto, akawapima uzito kabla na baada, ajue jasho lililotoka. Siku ya kwanza Mzee Jabiri alimwambia, "Dokta, umetuita huku tutoke jasho? Kwani nyumbani tumepungukiwa?" Walicheka wote, na kesho yake wakarudi. Nasi nyumbani alituhubiria kila mara kwamba mwili ukizeeka unaweza kukaukiwa maji bila kuhisi kiu. "Kwa hiyo Mama msimuulize. Mpeni."

Jumapili, tarehe 1 Februari 2026, alianguka jikoni akimmiminia Mama maji. Hospitali walisema ni kiharusi. Alifariki Jumanne alfajiri. Watu wananiuliza kama ni joto. Sijui. Madaktari wamenieleza mara mbili na bado sielewi. Mama ana miaka themanini na tano, tulikuwa tunamhofia yeye. Sekela hakuna aliyemhofia.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, sisi wadogo zake, na Mama. Tangu msiba uanze Mama hajanywa kitu cha maana. Tukimuuliza anajibu, "Sina kiu, mwanangu," nasi tunarudi na kikombe jikoni kama watu ambao hawakuwahi kuwa na dada.

Basi leo hapa Chanika, utakapompa Mama mkono wa pole, mpe na maji. Usimuulize.

Bwana ampumzishe Sekela penye ubaridi kama wa kwao.