Jicho la Kwanza la Daktari

Kwenye benchi linalotazamana na geti la hospitali ya chuo kikuu, kahawa ilishazunguka mara mbili na Fundi Pindo, mshona nguo, hajapata ushauri wa maana. Mtoto wa jicho alikuwa amemkalia macho yote mawili. Juzi alishona shati jeupe kwa uzi wa kijani, bahati yake mteja akadhani ni fasheni. Asubuhi hiyo daktari mmoja wa kike, anayesomea ubingwa wa macho, alimwambia bila kumficha: “Baba, mwalimu wangu atasimama pembeni, ila mkono utakuwa wangu. Na wewe ndiye mtu wa kwanza nitakayempasua.” Akikataa, asubiri foleni ya mwalimu, inayofika mwakani. Jibu lilitakiwa kabla kliniki haijafungwa. Fundi aliogopa, tena sana, akaja kuwauliza wenzake.

— Ulitegemea nini? akasema Spika, ambaye redio haimtoki sikioni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyo wa jicho umemlea mwenyewe.

— Nimekuja kuomba ushauri, jamani.

— Mwenye macho haambiwi tazama, akadakia Bucha, muuza nyama. Wewe huna, ndiyo maana tunakuambia: kimbia!

— Nikimbilie wapi, nami sioni?

— Sikiliza, Fundi. Wale wanajifunzia macho ya mbuzi. Nawauzia mimi, ndoo nzima. Mkono wa binti huyo umezoea mbuzi.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo bandeji ikitolewa, utaanza kutamani majani!

— Afadhali majani, akasema Spika. Ule ni mtihani, bwana. Akifeli, anarudia. Unadhani Mungu alitupa macho mawili ya nini? Moja la somo, jingine la marudio!

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Fundi naye akacheka, kisha akageuza uso kuelekea getini.

— Wewe kaza, akasema Bucha. Mwambie humtaki mwanafunzi, unamtaka mwalimu mwenyewe. Yule kapasua mpaka kachoka.

— Hapo umenena! Mwalimu hakosei!

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja aliyetoka getini muda si mrefu, jicho moja limefunikwa kwa plasta, akimsubiri mwanawe aje kumchukua. Akashusha kikombe chake.

— Samahanini, baba zangu. Na huyo mwalimu, jicho lake la kwanza lilikuwa la nani?

Fundi akamfikiria mtu huyo asiyejulikana, ambaye lazima naye aliogopa, kisha akapanda kitandani akatulia. Akamwonea huruma, halafu akamshukuru kimoyomoyo. Akasimama, akipapasa ukingo wa benchi.

— Wapi tena, Fundi?

— Kliniki, kabla hawajafunga.

— Unaenda kumwambia nini?

— Kwamba siku akiwa mwalimu na watu wakamuuliza swali hilo, asibabaike. Awaambie lilikuwa la fundi cherehani.