Hao Tisa Mchana Wanashinda Wapi?

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, mkabala na duka la dawa. Asubuhi ile tulikuwa watatu: mimi fundi viatu, kinyozi tunayemwita Wembe, na Stempu, karani mstaafu wa posta. Shangazi muuza kahawa alitumiminia. Binti yake, fundi cherehani, alikuwa amelazwa siku ya tatu, fizi zinatoka damu. Mtaani petu alikuwa mgonjwa wa tisa.

— Hospitali wamesema ni homa ya dengi, Shangazi alisema. Malaria wamepima, hamna.

— Dengi wapi! Wembe akadakia. Ni ule mnara wa simu. Tangu uwashwe, kichwa changu kinagonga.

— Mnara haumtoi mtu damu, Stempu akamkata. Ni mitumba hii. Mnavaa jasho la watu msiowajua.

— Mimi nasema maji ya bomba, nikatia langu. Yananuka.

— Maji si tunakunywa wote? Wembe akang'ang'ana. Mnara unawavuruga mbu akili, ndiyo maana siku hizi wanauma mchana kweupe!

Dada mmoja wa afya alikuwa amesimama pembeni na daftari lake, viatu vyeupe kwa vumbi.

— Hilo la mchana ni kweli, alisema. Mbu wa dengi huuma mchana. Sasa hao tisa, mchana wanashinda wapi?

Tulijua kila mmoja analala nyumba gani na amenuniana na nani. Mchana? Hilo hatukuwahi kuuliza.

Shangazi akatua birika.

— Kahawa basi. Inukeni.

Tukagonga mlango kwa mlango. Kufikia adhuhuri tukapata jibu: saba kati ya tisa wanashona kwenye jengo moja nyuma ya soko. Juu ya paa tukakuta matangi mawili hayana mifuniko, viluwiluwi wa mbu wanacheza. Wembe akachungulia, akakunja suruali.

— Nipeni ndoo.

Tukamwaga, tukasugua, tukafunika. Jioni daktari akamwambia Shangazi kwamba damu imekata na binti ameomba uji. Alilia pale pale mlangoni pa wodi.

Kesho yake dada wa afya alifungua daftari.

— Bado wawili. Hawajawahi kukanyaga jengo lile.

Shangazi alikuwa ameshajifunga khanga kiunoni.

— Tunaanza na yupi?