Magamba Thelathini na Tisa ya Dirishani

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wa marehemu, tulizaliwa wawili tu, na ndiyo maana jukumu la kuwasomea maisha yake limeniangukia mimi.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa mama mshonaji na baba fundi bomba, akasoma shule ya msingi hadi 1970 na sekondari hadi 1974, ambako alijulikana kwa mwandiko mbaya na ukimya wa kupindukia.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa katika shamba la kufuga chaza, akaanza kwa kuosha matangi, baadaye akawa mpimaji wa maji na magamba, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2017. Tangu 1984, kila Agosti, hata baada ya kustaafu, alichukua gamba la chaza wa miezi kumi na minane akaliweka kwenye ukingo wa dirisha la sebuleni, moja kila mwaka, bila kuliandika chochote, kwa kuwa mpangilio wenyewe ndio uliokuwa kumbukumbu yake. Alituambia kwamba moshi wa viwanda na magari unayeyukia baharini, maji yanazidi kuwa na tindikali, chaza wachanga wanakosa chokaa ya kujengea magamba, nayo yanazidi kuwa membamba. Tulimwita Bwana Magamba, tukacheka, na aliyecheka zaidi ni mimi.

Alifunga ndoa tarehe 20 Septemba 1986 na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1989. Shemeji alifariki tarehe 11 Mei 2003, binti akahamia mbali kikazi, na tangu hapo kaka aliishi peke yake, kiti kimoja akikikalia, cha pili kikibeba makoti. Mimi nilikuwa mwendo wa saa mbili kwa basi, na katika miaka ishirini nilikwenda mara nne.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2022, akalazwa tarehe 18 Mei 2023, akafariki tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, nami nikiwa bado njiani.

Siku hiyo hiyo, nikiwaandalia nyumba ninyi wageni, niliyafagia magamba yote nikayatia kwenye ndoo, nikidhani ni uchafu. Binti yake alipoingia alitazama dirisha kwanza, akakaa sakafuni akalia. Jana mchana tuliyamwaga mezani, tukayapanga upya kwa kupapasa, ya kwanza mazito kama vigae, ya mwisho membamba kiasi kwamba nilipoinua moja kwenye mwanga niliona kivuli cha kidole changu upande wa pili. Huenda katikati tumekosea, lakini mwanzo na mwisho havina ubishi, na nasema mbele yenu kwamba kaka alikuwa sahihi, nami sikumwambia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani wa mlango wa pili aliyempeleka hospitali siku kaka aliponipigia simu nami sikupokea, na wafanyakazi wenzake, walioniruhusu nikalichukue mwenyewe gamba la Agosti hii. Kaka, kiti cha pili nimekiondolea makoti, nitakikalia mimi. Pumzika kwa amani.