Bi Pawlak Asitazame Mechi

Ndani ya basi hapa Buffalo, siku tatu kabla ya mechi ya Jumapili ya mtoano wa futiboli ya Kimarekani, Bi Pawlak, aliyeketi mbele yangu, alikuwa akimlalamikia jirani yake wa kiti.

"Mkwe wangu ananifungia ndani ya chumba cha kufulia kila mtoano. Ati nikitazama, tunatolewa! Kosa si langu, kaka. Wapinzani wakikaba mtu kwa mtu, mrushaji wetu anawala wazima. Wakigawana uwanja, kila mlinzi na eneo lake, anawarushia wao mpira."

"Mwaka jana si waligawana uwanja? Mbona tulishinda?"

Bi Pawlak akakiri, "Nilikuwa nafua."

Basi zima lilimgeukia. Nilimwombea kimyakimya, ingawa kombe nami nalitaka. Kituoni kwake dereva alisimamisha basi, lakini hakufungua mlango.

"Mama," akasema kwa upole, "Jumapili una nguo za kufua?"